Pikipiki ya zamani yenye injekta ikisita: tafuta chanzo kabla ya kununua kipuri

Inawaka vizuri asubuhi, inakaa sailensa (inazunguka yenyewe bila kuvutwa mafuta) bila kuyumba, lakini ukivuta mafuta inazubaa kwanza ndipo inaondoka. Au iko kwenye mwendo wa kawaida, mkono umetulia, na injini inajikwaa kila baada ya muda. Ingekuwa ya kabureta, wengi wangejua pa kuanzia. Kwa kuwa ni ya injekta, na ina umri, hukumu inatoka haraka: kompyuta imekufa. Mara nyingi hukumu hiyo si ya haki. Kompyuta ya injini haina sehemu inayosuguana wala mpira unaokauka. Kinachochoka ni vitu vinavyoizunguka: konekta, mipira ya hewa, pampu ya mafuta, plagi, sensa, betri. Na karibu vyote hivyo unaweza kuvipima mwenyewe ukiwa na mita ya umeme, geji ya presha ya mafuta na subira.

Kwanza uelewe kinachofanyika ndani, maana bila hilo vipimo vyote vitakuwa tarakimu tu. Kompyuta haioni mafuta. Kazi yake ni kuifungua injekta kwa milisekunde chache, kisha kuifunga. Muda wa kufungua inaukokotoa kutokana na kile sensa zinachoiambia: injini inazunguka kasi gani, throto (ule mlango wa hewa unaofunguka ukivuta mafuta) imefunguka kiasi gani, presha ndani ya njia ya hewa ni ipi, injini na hewa vina joto gani. Presha ya mafuta haiipimi katika pikipiki nyingi za zamani; inaamini tu kwamba ipo sawa. Kwa hiyo pikipiki inasita kwa sababu moja kati ya tatu: kompyuta imedanganywa na sensa, au amri yake ni sahihi ila mafuta hayafiki kama ilivyotarajia, au mafuta na hewa vipo lakini moto wa plagi ni dhaifu.

Na kwa nini shida hujionyesha zaidi pale unapovuta mafuta? Ukifungua throto ghafla, hewa inaingia papo hapo. Mafuta hayana wepesi huo. Sehemu yake inanata kwenye kuta za njia ya kuingilia. Kompyuta inalijua hilo, na ikiona throto inafunguka kwa kasi huongeza mafuta ya ziada kwa muda mfupi. Nyongeza hiyo ikikosekana, au ikichelewa, injini inapata hewa tupu kwa kitambo kidogo. Huko ndiko kusita.

Neno "ya zamani" lina upana wake. Kawasaki iliuza Z1000 yenye injekta tangu 1980, na BMW K100 ilitoka 1983. Hizo za mwanzo hupima hewa kwa kipande cha bati kinachosukumwa na upepo unaoingia, na bati hilo likikwama, au njia ya umeme iliyo chini yake ikichakaa, injini husita vilevile. Zilizokuja baadaye, ambazo ndizo nyingi barabarani, hutumia sensa ya throto pamoja na sensa ya presha ya hewa. Mwongozo huu unahusu zaidi hizo za pili.

Hatua ya 1: Jua inasita lini hasa

Usiguse spana bado. Endesha, kisha andika. Sisemi hivi kwa kupenda makaratasi. Maelezo mazuri ya dalili huondoa nusu ya kazi, na fundi yeyote mzuri atakuuliza maswali hayahaya.

Inasita ikiwa baridi tu, kisha inapona ikipata moto? Fikiria sensa ya joto la injini, plagi zilizochoka, au hewa inayovuja. Inasita hapo mwanzo tu, unapotoka sailensa kwenda mafuta kidogo? Sensa ya throto na uvujaji wa hewa viko mbele kwenye foleni. Inakwenda vizuri mpaka uidai nguvu, kupanda mlima au kupita gari, ndipo inakufa moyo? Hapo ni ugavi wa mafuta au moto wa plagi. Inakwenda nusu saa bila tatizo, kisha inaanza? Angalia tundu la kupumulia la tangi, pampu inayochemka, koili, au sensa ya kranki (inayoiambia kompyuta injini inazunguka kasi gani) inayopoteza mawimbi ikipata joto. Inasita ukipita kwenye matuta au ukikata usukani? Huo ni waya, au swichi ya stendi ya pembeni.

Tofautisha pia kusita na kukatika. Ukosefu wa mafuta kwa kawaida huja taratibu: nguvu inafifia, injini inalegea. Umeme ukikatika, unakatika kwa kisu; unausikia mwilini kama kibao cha ghafla, na unarudi ghafla vilevile. Kama pikipiki yako ina geji ya mizunguko, itazame wakati tatizo linatokea. Mshale ukianguka hadi sifuri huku gurudumu bado linaizungusha injini, umeme au sensa ya kranki ndiyo ya kushikwa kwanza, maana geji hizo hupata habari zake kutoka mfumo wa moto. Na kama mizunguko inapanda lakini mwendo haupandi, hiyo si kusita hata kidogo. Klachi inateleza, na mwongozo huu hautakusaidia.

Kuanzia hapa, badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, kisha ujaribu. Ukibadilisha plagi, filta na sensa kwa mkupuo, hata ikipona hutajua ilikuwa inaumwa nini.

Hatua ya 2: Vitu visivyogharimu

Petroli. Kama pikipiki imekaa miezi bila kutembea, usiendelee hadi umeyaondoa mafuta hayo. Petroli yenye ethanoli hufyonza unyevu, na ikishiba, maji na ethanoli hujitenga na kutua chini ya tangi, yaani palepale pampu inapovuta. Chota kiasi kutoka chini, tia kwenye chupa ya kioo, uiache itulie. Ukiona mstari kati ya tabaka mbili, umepata jibu mapema.

Betri. Iliyojaa na kupumzika husoma karibu volti 12.6. Wakati wa kupiga stata isishuke chini ya volti 10 hivi. Injini ikizunguka katikati ya mizunguko yake, upate kati ya 13.5 na 14.5. Watu hudharau kipimo hiki kwa kuwa pikipiki inawaka. Lakini injekta hufunguka kwa sumaku ya umeme, na volti zikipungua hufunguka kwa kuchelewa; pampu nayo huzunguka pole. Kompyuta hufidia, ila fidia hiyo ina mwisho. Ukimaliza na betri, kaza vichwa vyake, kisha weka mita ncha moja kwenye negativu ya betri na nyingine kwenye chuma cha injini huku ukipiga stata. Ukisoma zaidi ya volti 0.3 hivi, waya wa negativu hauunganishi vizuri, na kila sensa inayoitegemea negativu hiyo inasema uongo mdogo.

Kebo ya mafuta isiwe imelegea mno. Nafasi ya milimita chache kwenye mkono inatosha. Ikizidi, utahisi pengo kisha mruko, na utaapa kwamba injini inasita. Fungua filta ya hewa uitazame, na uangalie kama kuna oili iliyomwagikia ndani ya boksi lake.

Kisha konekta. Chomoa moja baada ya nyingine, chini ya tangi na karibu na usukani, ukitafuta kutu ya kijani na pini zilizorudi nyuma. Safisha kwa dawa ya konekta na urudishe hadi usikie zimebana. Usizichomoe switchi ikiwa imewashwa. Huku injini ikiwa sailensa, tingisha mafungu ya waya kwa mkono, hasa pale yanapokunjwa na usukani kila siku. Injini ikishtuka, umefika.

Hatua ya 3: Soma misimbo

Kabla ya Euro 4, sheria ya moshi ya Ulaya, kuanza mwaka 2016, pikipiki hazikulazimika kuwa na utaratibu mmoja wa kujieleza, kwa hiyo kila mtengenezaji alikuwa na wake. Honda nyingi hutoa msimbo, yaani namba ya kosa, kwa taa inayokonyeza: konyezo refu ni kumi, fupi ni moja. Suzuki huonyesha herufi C na namba kwenye kioo ukishaunganisha konekta yake ya ukaguzi, na C00 maana yake haijaona kosa. Nyingine huhitaji kushikilia vitufe viwili vya dashibodi wakati wa kuwasha switchi. Kitabu cha ufundi cha modeli yako kitakuambia, nacho ndicho chombo cha kwanza kununua, kabla ya kipuri chochote.

Ukipata msimbo, usikimbilie kununua sensa iliyotajwa. Msimbo wa sensa ya throto unamaanisha kwamba umeme uliotoka upande ule haukueleweka. Waya uliokatika hutoa msimbo uleule. Na usipopata msimbo, usiseme sensa zote ni nzima. Kompyuta hizi za zamani hulalamika tu pale volti zinapotoka nje ya mipaka iliyowekwa. Sensa inayodanganya ikiwa ndani ya mipaka haikamatwi na taa yoyote.

Hatua ya 4: Moto wa plagi

Nimeweka plagi kabla ya sensa kwa makusudi. Plagi ni rahisi, inachakaa kwa hakika, na udhaifu wake unafanana kabisa na ukosefu wa mafuta. Ukifungua throto, presha ndani ya silinda hupanda, na kadiri presha inavyopanda ndivyo cheche inavyopata taabu kuruka. Ndiyo maana plagi yenye mwanya uliopanuka inaweza kukaa sailensa bila neno, kisha ikashindwa palepale unapoihitaji.

Zitoe. Rangi ya kahawia hafifu au kijivu ni njema. Masizi meusi makavu yanasema mafuta yamezidi au moto ni dhaifu. Weupe wa chaki unasema mafuta hayatoshi. Kama injini ina silinda kadhaa na plagi moja tu ina rangi ya peke yake, tatizo liko kwenye silinda hiyo, nawe umepunguza eneo la msako. Mwanya kwa pikipiki nyingi ni kati ya milimita 0.7 na 0.9.

Angalia pia kwamba plagi ni za aina yenye kizuizi cha umeme ndani. Kwenye namba za NGK, herufi R ndiyo inayoonyesha hilo, kama katika CR9E. Ukiweka isiyo na kizuizi kwenye pikipiki ya injekta, kelele za umeme zinaweza kuichanganya kompyuta, na utatafuta ugonjwa ambao umeuleta mwenyewe.

Vifuniko vya plagi vyenye kizuizi mara nyingi husoma karibu kiloomu 5. Kinachosoma mara mbili ya hapo kimechoka. Usiku, penye giza, nyunyiza maji kidogo kwenye waya na koili injini ikiwa inazunguka, ukiwa hujazigusa. Cheche za bluu zinazotambaa nje hazihitaji maelezo.

Hatua ya 5: Hewa ya wizi

Kati ya throto na kichwa cha silinda kuna mipira. Kwa miaka, joto huikausha na kuipasua. Hewa inayopenya hapo haijapitia throto wala haijahesabiwa, na athari yake ni kubwa zaidi throto ikiwa karibu imefungwa, kwa kuwa hapo hewa halali yenyewe ni kidogo. Ndiyo sababu kusita kwa kutoka sailensa kunaelekeza huku.

Wengi hupuliza dawa ya kusafishia kabureta na kusikiliza kama sailensa inapanda. Inafanya kazi, lakini dawa ile inawaka, na ekzosi iko hapo hapo. Tumia chupa ya kunyunyizia maji. Ukipiga ukungu wa maji pembeni mwa mpira uliopasuka, maji huziba ufa kwa sekunde moja na sauti ya injini inabadilika. Si kipimo kikali kama kile cha dawa, ila hakichomi pikipiki.

Usisahau mpira mwembamba unaokwenda kwenye sensa ya presha ya hewa. Huu nataka uutazame kwa karibu. Ukiuangalia ukiwa mahali pake utaonekana mzima. Uchomoe, uukunje kwa vidole pale mwisho wake unapovaa pua ya chuma, na utaona nyufa ndogo zikifunguka kama midomo. Ukiwa umevaliwa, nyufa hizo hujifunga nusu. Injini ikitikisika zinafunguka. Hewa ya nje ikiingia kupitia hapo, sensa husoma presha kubwa kuliko iliyopo, kompyuta inadhani injini imebebeshwa mzigo, nayo inamwaga mafuta. Mpira wa sentimita chache, na umewafanya watu wabadilishe pampu. Kama mwisho tu ndio umepasuka na urefu unaruhusu, kata kipande hicho uurudishe. Kama umekauka wote, weka mpya wa kipenyo kilekile.

Hatua ya 6: Sensa ya throto

Kwenye michoro ya umeme imeandikwa TPS. Ina waya tatu kwa kawaida: mmoja unaleta volti 5 kutoka kwenye kompyuta, mmoja ni negativu, wa tatu unarudisha jibu. Ndani yake kuna njia nyembamba ya kaboni na kidole kinachoteleza juu yake kila unapovuta mafuta. Sasa fikiri: kwa maisha yote ya pikipiki, throto imekaa muda mwingi wapi? Imefungwa, au imefunguliwa kidogo kwa mwendo wa kawaida. Basi kaboni hulika hapo, na kusita kwa sensa iliyochakaa hutokea hapohapo, kila mara kwenye ufunguzi uleule wa mkono.

Washa switchi, injini ikiwa imezimwa. Ingiza pini nyembamba kwa nyuma ya konekta ikiwa imechomekwa. Usitoboe waya, maana tundu hilo litakuwa mlango wa kutu. Hakikisha kwanza volti 5 zipo. Kisha pima waya wa jibu. Throto ikiwa imefungwa, nyingi husoma karibu volti 0.5 hadi 0.7, au zaidi kidogo kulingana na modeli. Ikiwa wazi kabisa, hufika 4 au zaidi. Tarakimu kamili zimo kwenye kitabu.

Lakini mwanzo na mwisho havitoshi, na hapa ndipo wengi hukosea. Vuta mafuta polepole mno, kiasi cha kuona mkono wako hausogei, na utazame njia nzima. Volti zipande bila kuruka, bila kurudi nyuma, bila kupotea. Mita ya mshale ni bora kuliko ya tarakimu kwa kazi hii, kwa sababu mshale hutikisika mahali ambapo tarakimu huwa hazijabadilika. Ukiona unaruka karibu na chini, gonga sensa taratibu kwa mpini wa bisibisi huku throto ikiwa kwenye eneo hilo. Ikiruka tena, imehukumiwa.

Skrubu zilizopakwa rangi kwenye throtobodi usiziguse. Ziliwekwa kiwandani kwa vipimo vya mtiririko wa hewa ambavyo huna, na kuzirudisha ni taabu kubwa. Sensa yenyewe hurekebishwa kwa kufuata volti za kitabu. Baadhi ya BMW za boksa, betri ikishachomolewa, huhitaji kuwasha switchi na kuvuta mafuta hadi mwisho mara moja au mbili kabla ya kuwasha injini, ili kompyuta ijifunze upya mipaka ya throto. Wanaoiruka hatua hiyo hujiletea kusita kusikokuwepo.

Hatua ya 7: Presha na wingi wa mafuta

Hapa kuna hatari ya kweli. Mafuta kwenye mfumo huu yako kwenye presha ya karibu baa 3, nyingine 2.5, nyingine 3.5. Ukifungua mpira bila kuitoa presha, yatakurukia usoni au juu ya ekzosi. Fanya kazi injini ikiwa baridi, mahali penye hewa, kizima moto karibu. Chomoa konekta ya pampu, washa injini mpaka izime yenyewe, zima switchi, ondoa betri, funika kiungio kwa kitambaa, ndipo ufungue. Vaa miwani.

Kabla ya geji, sikiliza. Ukiwasha switchi, pampu hulia kwa sekunde mbili tatu kisha hunyamaza. Mlio unaoyumba au unaolegea ni ishara mbaya. Kisha unganisha geji na usome injini ikiwa sailensa, halafu ukivuta mafuta kwa ghafla. Presha isianguke.

Presha nzuri peke yake haitoshi. Filta iliyoziba nusu inaweza kuonyesha presha safi kwenye sailensa, kwa kuwa sailensa hunywa mafuta kidogo. Pima na wingi: elekeza mafuta kwenye chombo chenye alama, endesha pampu kwa sekunde ambazo kitabu kimetaja, ulinganishe. Wingi ukipungua, tafuta filta au kichujio cha mdomoni mwa pampu. Wingi ukiwa sawa lakini presha iko chini, tafuta kidhibiti presha, au kitu ambacho watu wengi hawakijui: mpira ulio ndani ya tangi.

Kwenye pikipiki ambazo pampu inaishi ndani ya tangi, kuna mpira mfupi unaoiunganisha na bomba la kutokea. Umeogelea kwenye petroli tangu pikipiki itoke kiwandani. Ukiubonyeza utaukuta laini, umevimba, na mara nyingi una mpasuko mwembamba kwa urefu wake, karibu na kibano. Pampu ikisukuma kwa nguvu, mpasuko unafunguka na mafuta yanarudi tangini badala ya kwenda kwenye injekta. Kwa nje hakuna hata tone linalovuja. Usiweke mpira wa kawaida wa petroli. Huo umetengenezwa uguse mafuta kwa ndani tu, na ukizamishwa, ngozi yake ya nje huharibika. Tafuta uliotengenezewa kuzama, wenye alama SAE 30R10, na vibano vya aina ya injekta ambavyo haviukati.

Pima pia umeme unaoifikia pampu ikiwa inafanya kazi: ncha moja kwenye pozitivu ya betri, nyingine kwenye pozitivu ya pampu. Tofauti ikizidi nusu volti, kuna rilei (swichi inayowashwa kwa umeme), switchi au konekta inayoila njiani. Pampu nyingi zimetupwa kwa kosa la rilei.

Na kama tatizo huja baada ya muda wa safari, likianza tu simama na ufungue kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikivutwa ndani, na pikipiki ikaendelea vizuri baada ya hapo, tundu la kupumulia limeziba.

Hatua ya 8: Injekta zenyewe

Upinzani wake, kwa aina zilizo nyingi, ni kati ya omu 11 na 16. Zilingane kati ya silinda na silinda. Injini ikizunguka, gusa kila moja kwa bisibisi ndefu na uweke mpini sikioni: mlio wa kugonga uwe wa namna moja kwa zote. Dawa ya kusafisha inayotiwa tangini husaidia uchafu mwepesi. Kwa injekta iliyokaa miaka na petroli kavu, ipeleke kwa anayesafisha kwa mawimbi ya sauti na kupima mtiririko kabla na baada. Bila kipimo, hujui kama kuna kilichobadilika. Ukizirudisha, weka oringi mpya, uzipake oili kidogo.

Hatua ya 9: Sensa za joto na ya oksijeni

Sensa za joto hupunguza upinzani kadiri zinavyopata moto. Nyingi za Kijapani husoma kati ya kiloomu 2 na 3 kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, na karibu omu 300 kwenye nyuzi 80. Sensa ikishikilia kwamba injini ni ya moto wakati ni baridi, kompyuta hainyunyizi mafuta ya kutosha na asubuhi inakuwa ya kujikwaa. Itoe, itumbukize ncha yake kwenye maji yenye kipimajoto, na uyachemshe ukisoma.

Sensa ya oksijeni, kama ipo, hupanda na kushuka kati ya volti 0.1 na 0.9 injini ikishapata moto. Ikizeeka huwa mvivu. Jaribio jepesi ni kuichomoa na kuendesha kidogo: taa inaweza kuwaka, lakini kusita kukipotea umejua. Kabla ya kununua nyingine, kagua ekzosi kama inavuja mbele yake, kwa kuwa hewa inayonyonywa hapo huidanganya.

Hatua ya 10: Injini yenyewe

Injekta haiponyi valvu. Nafasi ya valvu ikibana, kompresheni inavuja na injini inakosa nguvu kwenye mizunguko ya chini. Pima nafasi hizo, kisha kompresheni, throto ikiwa wazi kabisa na pampu ikiwa imechomolewa. Kwa injini yenye silinda zaidi ya moja, sawazisha throto kwa geji za kupima mvuto wa hewa, baada ya valvu na si kabla. Kama una Suzuki za kizazi cha GSX-R1000 ya 2001 na kuendelea, zina mlango wa pili wa hewa unaoendeshwa na mota; washa switchi bila boksi la filta uone kama unasogea kwa ulaini.

Vyote vikiwa sawa na bado inasita

Angalia kilichoongezwa na waliokuwa nayo kabla yako. Ekzosi iliyofunguliwa, filta ya kupitisha hewa zaidi, kijisanduku cha kubadilisha kiasi cha mafuta kilichofichwa chini ya kiti. Kijisanduku hicho kikiwa na ramani (jedwali la kiasi cha mafuta) ya ekzosi nyingine, kitakusumbua kila siku. Kichomoe, rudisha waya kama zilivyotoka kiwandani, uendeshe.

Ikibaki kusita kidogo tu pale throto inapoanza kufunguka, wakati imekamilika na haijafanyiwa mabadiliko, huenda ilizaliwa hivyo. Modeli kadhaa zilipangwa na mafuta machache kwenye mizunguko ya chini ili kukidhi sheria za moshi. Hapo njia ya haki ni kumpelekea anayeweza kuiandika upya ramani ya mafuta akiwa na kipimo cha hewa na mafuta kwenye ekzosi, na umkabidhi pikipiki pamoja na karatasi ya vipimo vyote ulivyopata: volti za throto, presha, wingi wa mafuta, nafasi za valvu na kompresheni. Asiyetaka kuiona karatasi hiyo kabla ya kugusa kompyuta, tafuta mwingine.